Bibi Anaposhuka Kituoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu bado umelala juu ya mahindi, nami nimesimama ndani ya darasa la chekechea karibu na Tosamaganga, nikimwona bibi mmoja anatoroka. Alikuwa amevua kandambili zake akazishika mkononi ili zisipige kelele. Mjukuu wake, Faraja, alikuwa nyuma yangu anaimba.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumatatu unaanza kufundisha watoto wadogo huko Rujewa, na kwenye simu uliniuliza ufanye nini na wale wanaolia. Mimi nimetangatanga sana. Nimeishi Mbeya, Chunya, Makambako, na kazi nyingi nimezifanya nikazisahau. Hiyo ya chekechea sijaisahau.

Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, mgeni kutoka Mbeya, namsaidia Mwalimu Oliva, mama mtu mzima aliyelea darasa lile miaka mingi. Wazazi walinicheka. "We baba, kazi za wanaume zimeisha huko Mbeya?" aliniuliza mmoja huku ananikabidhi mtoto. Watoto nao walizoea walimu wa kike, wakaniita mama. "Mama, mkojo." "Mama, Jofrey kanifinya." Mwanzoni niliwasahihisha, kisha nikaacha. Ukishawafuta watu makamasi asubuhi nzima, jina wanalokuita si hoja.

Mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa treni. Sisi wa Mbeya treni tunaiona, wao hawakuwahi. Mimi nilikuwa kichwa, wao mabehewa, kila mmoja ameshika sweta la mwenzake, tunazunguka darasa tukiimba. Tena treni ile ilikuwa na faida nyingine. Ilipogeukia upande wa ubao, watoto wakawa wameupa mlango mgongo, wazazi wa wale wanaolia waliondoka kimya kimya. Ndivyo tulivyofanya wote, na waliotutangulia pia. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Analia kidogo, anapewa uji, yanaisha.

Kwa Faraja hayakuisha. Siku za mwanzo alipanda treni kwa furaha. Baadaye, nikianza tu kuimba, anakwenda kung'ang'ania kitenge cha bibi yake na kulia mpaka anatapika. Mwishowe hata bibi akiwa ameshaondoka, wimbo ukianza Faraja anakimbilia mlangoni. Uji hanywi. Wenzake wakaacha kumshika sweta.

Bibi yake akachoka. Alikuja siku moja, akatusalimia, "Kamwene," akasema bila kukaa, "Huyu namchukua. Nitashinda naye kwenye viazi. Shule imemkataa."

Mama yake Faraja alikuwa Makongolosi, anawapikia wachimba dhahabu, na aliacha ombi moja tu, mtoto asome. Bibi mwenyewe hakuwahi kukaa darasani. Nilijua mtoto akishazoea shamba, mwaka utapita, na mwingine utapita.

Mwalimu Oliva alimvutia benchi. "Kaa kwanza, mama. Hebu niambie, mama yake aliondokaje?"

Bibi akatazama chini. "Alimwambia, kaniletee maji jikoni. Mtoto anarudi na kikombe, gari limeshaondoka. Akakaa barabarani na maji yake."

Mwalimu Oliva akaketi naye kwenye benchi. Kisha akasema taratibu, "Basi huyu mtoto hana ugomvi na shule. Amejifunza kwamba akifurahi, mtu wake anaondoka, na sisi tukamfundisha tena kila asubuhi. Mimi ndiye niliyewafundisha walimu wote hapa kufanya hivyo. Kesho, mama, hutoroki. Utaaga."

"Atalia," nikasema.

"Alie, lakini ajue analilia nini."

"Na mimi nitalia," akasema bibi.

"Lia, mama. Benchi lipo."

Kesho yake tulimfanya bibi behewa la mwisho, na Faraja mbele yake. Safari hii treni haikuzunguka darasani. Ilitoka nje, ikapita jikoni, mpishi akatucheka, ikasimama getini. Bibi akachuchumaa, magoti yanalia, akamshika mjukuu wake mabega. "Mimi nashuka hapa. Naenda kwenye viazi. Ukishakunywa uji na kucheza, utanikuta hapa hapa getini."

Faraja alilia kijiji kizima kikasikia. Hatukumziba mdomo. Tulirudi darasani na behewa letu linalolia. Mchana, kabla hatujafungua mlango, bibi alikuwa getini, udongo haujakauka miguuni. Tuta lake alikuwa ameliacha katikati.

Kilio hakikuisha siku moja. Kilipungua kama mvua za masika zinavyopungua. Hadi asubuhi moja Faraja alidai awe kichwa cha treni, akatufikisha getini, akageuka akasema, "Bibi, shuka, tunachelewa uji."

Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa mtu wa kuondoka alfajiri. Kwetu Mbeya niliondoka mama yangu akiwa kanisani. Mwaka ulipoisha, hamu ya njia ilinirudia, nikapanga kuondoka likizo, watoto wakirudi wamkute mwalimu mwingine. Begi lilikuwa limeshafungwa. Nililifungua, nikabaki mpaka shule ilipofunguliwa.

Siku ya kuondoka, watoto walinitia mkiani mwa treni. Getini Faraja akaniuliza, "Unarudi mchana?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana. Naenda mbali, sirudi mchana."

Machozi yakaja. Akayafuta kwa mkono wa sweta, akasema, "Haya, mama. Shuka."

Mwanangu, watoto wa Rujewa watakulilia, na kuna siku utatamani kudanganya ili upate kimya. Usifanye hivyo. Mwambie mtoto nani anaondoka na lini atarudi, halafu mhimize mzazi atimize neno lake, maana kuaga bila kurudi ni kutoroka kwa njia ndefu. Kilio kivumilie, ni sehemu ya kazi. Na wewe siku utakapoondoka, waage.

Mungu akupe magoti ya kuchuchumaa kila asubuhi, na sauti isiyokauka kwa kuimba. Kila mtoto utakayempokea akabidhiwe mchana mikononi mwa aliyemleta. Nitakuja kukuona, na siku ya kuondoka nitakuamsha.