Ukuta wa Hatua ya Kumi na Mbili

Mdogo wangu watu wa mtaa wanamwita Ukuta. Wengi hawajui jina lilitoka wapi. Wanadhani ni kwa sababu alikuwa hajibu ukimsemesha akiwa kwenye gemu, na mimi nimewaacha wadhani hivyo, maana ukweli unanihusu mimi kuliko yeye.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na sina subira na watu wa kuzungukazunguka. Kwa hiyo niseme wazi: nilimdanganya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Mama alikuwa hospitali wiki ya tatu, baba alishakwenda zake zamani, na sisi tulikuwa tumehamishiwa kwa baba mdogo. Baba mdogo alikuwa na mashine ya gemu aliyojinunulia mwenyewe, akaichoka kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa na kaseti moja tu, ya njano, nakala ya nakala, hata picha ya juu yake haikufanana na gemu iliyokuwa ndani. Kulikuwa na kijitu kinachobeba taa na rungu, kinashuka ngome ya mawe hatua kumi na mbili, kinaruka mashimo, kinakwepa popo. Hatua ya mwisho kinaingia chumba fulani, kinagusa sanduku, maneno ya pongezi yanatokea na mchezo unaanza upya.

Sasa, chumba kile kilikuwa kikubwa kupita haja yake. Ukilipita sanduku bila kuligusa, unaweza kutembea hadi mwisho kabisa, na huko hukuti kitu ila ukuta mtupu. Ukibonyeza kitufe cha rungu, kijitu kinaupiga na unasikia "ko". Basi, hakuna zaidi. Nadhani aliyekichora alibakiwa na nafasi akaona aijaze mawe.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa ameuliza swali moja tangu asubuhi: mama anarudi lini? Wakubwa walikuwa wananong'ona jikoni. Shangazi alitoka na macho mekundu. Baba mdogo akanivuta pembeni akaniambia, "Mnyamazishe mwenzio. Wewe si ndiye mkubwa?" Haya, mkubwa mimi. Nikaenda nikakaa naye kwenye mkeka mbele ya televisheni.

"Kuna siri kwenye hii gemu," nilimwambia. "Ukifika mwisho bila kufa hata mara moja, usiguse sanduku. Nenda ukutani, ugonge mara saba. Ukuta unafunguka. Na ukifunguka, mama anarudi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona ukifunguka, kwa macho yangu. Kuna bustani huko nyuma, ina mwanga mwingi."

Akashika pedi ya kuchezea. Hakuuliza tena swali lake siku hiyo wala iliyofuata. Baba mdogo alinipapasa kichwa akasema nina akili. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa na mtu yule, na ningemrudishia leo kama angekuwa hai.

Mama alifariki siku ya nne. Mdogo wangu alikuwa amefika hatua ya tisa. Walipomwambia hakulia. Alinifuata uani nilikokuwa naosha vikombe vya wageni, akaniuliza, "Dada, ningeufungua jana, ningewahi?" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Shangazi akaniita nipeleke vikombe ndani, nikaenda, na nilipotoka hakuwapo tena uani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na nne.

Kwanza alipeleka habari shuleni. Hakutaja mama, alisema ukuta tu na mara saba. Unajua watoto. Ndani ya wiki mbili kila mmoja ametia chumvi yake: lazima uvue viatu, lazima iwe saa tisa alasiri, lazima kaseti iwe ya njano, usipumue wakati wa kugonga. Muhula uliofuata, mtoto aliyehamia kutoka mji mwingine akasema binamu yake aliufungua, na mwanga ulivyokuwa mkali alipofuka macho. Mdogo wangu alikuja nyumbani mbio. "Dada, kumbe hata huko wanaujua!" Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamezunguka yakamrudia, yeye akayapokea kama ushahidi. Ningecheka kama si mimi niliyeyazaa.

Kwa ajili ya ile mashine akawa fundi. Ilipokufa mara ya kwanza aliifungua na kisu cha mezani, akaifufua. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio na televisheni, baadaye simu. Mikono yake ilikuwa mizuri mno. Angeweza kulehemu waya mwembamba kama unywele huku anakusimulia habari nyingine. Wateja walimpenda ila walilalamika, kwa sababu kila siku saa tisa alasiri alifunga kazi, akavuta pazia, akawasha mashine. Mtu anakuja na redio yake anaambiwa asubiri, fundi yuko kwenye ngome.

Alioa. Wifi yangu alivumilia miaka mitano, kisha akaja kwangu na sanduku lake akaniambia, "Wifi, mimi nilijua naolewa peke yangu. Kumbe nina mke mwenzangu, ana waya na plagi." Tulicheka sote wawili, halafu akalia, halafu akaenda kwao na hakurudi. Mimi sikumwambia kitu. Nilimshonea gauni.

Na alishafika ukutani, msidhani hakufika. Alifika mara nyingi bila kufa. Aligonga saba, ukuta ukakaa pale pale. Kila mara alipata sababu: labda aligonga haraka, labda ilikuwa saa tisa na nusu, labda alishawahi kupigwa na popo bila kufa na hilo linahesabika. Intaneti ilipokuja alikuta watu mamia wanautafuta ukuta huohuo. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati kinyume. Kisha kijana mmoja wa mbali huko akaipasua gemu nzima, akasoma yote yaliyomo, akaandika kwamba nyuma ya ukuta hakuna kitu, hakijawahi kuwapo. Nikasema alhamdulillahi, leo yamekwisha. Nikamkimbilia.

"Huyo kasoma kaseti ya kwake," alinijibu, hata hakuinua kichwa. "Yetu ni nakala ya nakala. Nani anajua aliyenakili alitia nini? Lisemwalo lipo, dada, na kama halipo laja."

Alipotimiza miaka arobaini na mbili alianza kugonga mabega kwenye milango. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikamshika mkono kama siku ya kwanza ya shule. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akamwambia ni presha ya macho, imemla kimyakimya kutoka pembeni, na kilichokufa hakirudi. Alitoa dawa ya matone ya kuchelewesha. Mwaka mmoja, alisema, labda pungufu.

Kwenye benchi la nje mdogo wangu alitabasamu. "Yule binamu wa mwanafunzi mwenzangu alipofuka baada ya kuuona," alisema. "Mimi nimetangulizwa adhabu."

Sikuweza kuvumilia tena. Tulipofika kibandani nikafunga mlango, nikamwambia yote. Baba mdogo, jikoni, mkeka. Kwamba sikuona bustani, wala sikuwahi hata kufika hatua ya nne, chumba kile nilikiona baba mdogo akicheza, nilikuwa mbovu wa gemu kuliko bibi kizee. Kwamba hakumchelewesha mama, mama alikuwa anakwenda tu, ukuta au pasi na ukuta. Nilipiga magoti kwenye sakafu iliyojaa misumari yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyanyua.

"Dada, wewe hujui kudanganya," alisema. "Ulivunja kioo cha baba mdogo ukajitaja mwenyewe kabla hajavua viatu. Unanihurumia kwa sababu ya macho. Usinihurumie hivyo."

"Nakuapia."

"Unaapa kwa huruma. Mimi siamini tena kwamba mama angerudi, sina wazimu. Lakini uliuona, na mimi nilikuwa hatua ya tisa. Nataka nijue tu nilibakiza nini."

Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilitoka pale nimefura. Umebeba mzigo miaka yote hiyo, siku ya kuutua, mwenye mzigo anakwambia ubebe, ni wako. Nilikaa wiki tatu bila kwenda kwake. Kisha nikaenda, mtu ni ndugu yake.

Macho yaliisha kabla ya mwaka. Aliendelea kulehemu kwa kupapasa mpaka vidole vikajaa malengelenge, akauza vifaa vyote. Mashine hakuiuza. Akaniomba jambo moja: kila Jumamosi alasiri niende nikae kando yake, niwe macho. Kucheza angecheza mwenyewe, mikono inajua njia. Popo analia kabla hajashuka, shimo lina mlio wake. Kitu ambacho hakina mlio ni ukuta kufunguka. "Wewe uniambie tu," alisema. "Wewe ndiye uliyewahi kuuona."

Miezi minane nilikwenda. Alikufa hatua ya pili, ya tano, ya tano, ya sita. Alianza upya bila kugomba. Nilikwenda na kazi yangu, nikashona vifungo huku naangalia kijitu kinavyoanguka. Mara nyingine nilitamani umeme ukatike tu.

Jumamosi ile hakufa. Hatua ya saba, ya nane. Ilipopita ya tisa niliweka sindano chini. Ya kumi na moja alikuwa anatokwa jasho, na midomo inahesabu hatua. Akaingia kile chumba. Akaliruka sanduku, akaenda, akaenda, mpaka kijitu kikagota.

"Nimefika?"

"Umefika."

Akagonga. Ko. Nilikuwa namtazama yeye, si televisheni. Miaka arobaini na mitatu, mvi masikioni, shingo ameinyoosha mbele kama yule wa kwenye mkeka. Ko. Ko. Nikawaza nimwambie hapana, halafu Jumamosi ijayo tena, na ijayo, mpaka mmoja wetu azikwe. Ko. Nikawaza neno moja tu lingemtosha. Ko. Lilimtosha siku ile. Ko. Kelele ikakoma. Mikono yake ikatulia juu ya pedi.

"Dada," alisema. "Vipi?"

"Umefunguka," nilisema.

Nikaendelea. Nilimwambia kuna bustani, kuna mwanga mwingi, kijitu kimesimama katikati yake na taa yake haihitajiki tena. Nilimwambia umeweza, mdogo wangu, umeufungua. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na nilishukuru, nikijua ataona ni furaha.

Aliweka pedi sakafuni taratibu.

"Nimegonga mara sita," alisema.

Mimi ninayehesabu mishono kutwa nzima sikuwa nimehesabu.

"Yale uliyoniambia ukiwa umepiga magoti yalikuwa yananila," alisema. "Nikasema, nimwachie dada moja. Akisema bado, basi alisema kweli tangu mwanzo, nitagonga ya saba. Akisema umefunguka kabla ya ile ya saba, nitajua hakuwahi kuuona." Akajifuta jasho. "Kwa hiyo sikuchelewa."

"Hukuchelewa. Hakukuwa na kitu cha kuwahi."

"Mke wangu alikuwa ananiita kula," alisema. "Kila siku saa tisa na nusu, saa kumi. Namwambia dakika moja."

Nilimgusa bega, akalitoa. Si kwa nguvu. Akaniomba nizime televisheni, nikaizima. Akaniomba nitoe kaseti nimpe, nikampa, akaigeuzageuza mkononi akaipapasa pembe zote, halafu akanirudishia akasema nibaki nayo, ni yangu.

Ninayo, ipo kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Jumamosi bado naenda. Mtaa mzima unamsalimia, naye anamjua kila mtu kwa mwendo wake tu. Mtu hajafika mlangoni ameshaitwa kwa jina. Miguu yangu anaijua tangu hajaweza kutembea. Lakini siku hizi nikibisha hodi, anakaa kimya kwanza, kisha anauliza, "Nani?"