Picha Yenye Tundu Sebuleni Kwangu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki, na shule yangu ikaishia hapo hapo, darasa la pili. Sikumuaga hata mwalimu. Jumatatu wenzangu walikwenda kukimbia mchakamchaka, mimi nikakabidhiwa fimbo na ndama sita wa watu, nikaelekea porini. Miezi miwili baadaye akazaliwa mdogo wetu wa mwisho, Damari. Tukawa watoto watatu na mama: mimi, mdogo wangu Yohana, na huyo kichanga.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Sikusoma. Lakini runinga iliyoko sebuleni kwangu leo, ile ambayo ikikaa dakika tano bila kuguswa inaanza kuonyesha picha zangu yenyewe, niliitengeneza mimi kwa vidole vyangu, na wasomi wangu wamekaa pembeni wanatazama.

Enzi zetu picha haikuwa mchezo. Tulikaa kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, nje kidogo ya Mpwapwa. Mvua ikinyesha kubwa, paa linadondosha tope ndani ya chungu cha mlenda, na mama anakoroga tu anasema, "Kuleni, ni udongo wenu wenyewe." Tulilala watatu juu ya ngozi moja ya ng'ombe, na anayelala pembeni ndiye anayepigwa na baridi, kwa hiyo kila jioni kulikuwa na vita ya kulala katikati. Ugali ulikuwa wa uwele, mweusi, mzito, ukimeza unausikia unashuka mpaka unapofika. Kiangazi tulifukua mchanga wa korongo mpaka tukazama mabega, halafu tukakaa kusubiri maji yajikusanye, tunachota kwa kata moja moja. Ndoo moja ilikula asubuhi nzima. Leo mjukuu wangu anafungua bomba, anaacha maji yanamwagika, anaimba mbele ya kioo.

Na tulicheza, msidhani tulikuwa watu wa kulia tu. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukawapa majina, tukawachunga kando ya ng'ombe wa kweli. Yohana alikuwa mwizi wa ng'ombe wa udongo hajapata kutokea. Ukigeuka tu, fahali wako yuko zizini kwake na ameshabadilishwa pembe.

Picha ilikuja mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mpiga picha mmoja alikuwa anazunguka minadani na baiskeli, amefunga nyuma kitambaa kilichochorwa maua. Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya kuazima, na kila aliyepigwa picha alivaa hivyo hivyo. Ukikusanya picha za mwaka ule za kijiji chetu utadhani sote tulizaliwa na miguu ya mtu mmoja. Mama alimlipa jogoo na vibaba viwili vya karanga. Akatupanga: mama kasimama, Yohana kulia kwake, Damari kushoto, mimi nimechuchumaa mbele, na mkono wa mama uko begani kwangu. Tulisimama juani mpaka Damari akaanza kulia. Picha yenyewe tuliletewa mnada wa mwezi uliofuata, na mama akaifunga kwenye kanga, akawa anaitoa Jumapili.

Mwaka uliofuata nikasikia Dodoma mjini wanajenga na wanataka vibarua. Nikaenda kwa mguu na kwa kudandia lori la chumvi. Kwenye geti la ujenzi karani akaniambia, "Kesho kutwa uje na picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho. Huna picha, nafasi ya mwingine." Picha ya paspoti studio ilikuwa inasubiriwa wiki nzima, na mimi mfukoni nilikuwa na hewa. Nikarudi nyumbani usiku na mchana. Mama alikuwa shambani. Nikafungua kanga, nikachukua wembe, nikajikata.

Kichwa chenyewe hakikuzidi ukucha wa dole gumba. Karani akakiangalia, akaita wenzake: "Njooni muone, huyu ni mtu au mbegu ya ubuyu?" Wakacheka. Halafu akasogeza macho karibu. "Na hivi vidole hapa begani ni vya nani?"

"Vya mama," nikasema.

Akaacha kucheka. Akabandika, akagonga muhuri, akanipa kitambulisho. Nikaingia.

Mama alipoona tundu hakunipiga. Aliitazama picha muda mrefu, mkono wake umekatika kwenye vifundo, mbele yake hakuna mtu. Akasema, "Haya. Hapo ulipojikata, kila mwisho wa mwezi uje ukae mwenyewe tukuone." Na nilikwenda. Miaka kumi na moja sikukosa mwisho wa mwezi hata mmoja, nikiwa na debe la unga begani, mpaka tulipomzika. Kutoka kubeba mawe nikawa fundi, kutoka fundi nikanunua mkokoteni wa mchanga, kutoka mkokoteni nikanunua lori. Hakuna aliyenishika mkono. Wanaosema nilipata bahati waje niwaonyeshe viganja.

Sasa turudi kwenye runinga. Krismasi iliyopita mwanangu Amosi, anayefanya kazi ya ofisi kule Chimwaga, aliniletea kisanduku kidogo cheusi, akakichomeka kwenye runinga. Kina filamu, kina nyimbo, kina kila kitu. Ukikiacha kimepumzika kinaanza kuonyesha picha zake. Picha gani? Theluji. Maporomoko ya maji. Jumba la mawe ambalo sijui la nani. Nje kwangu vumbi la Dodoma limejaa mpaka kwenye sahani, ndani kioo kinanionyesha theluji. Nikampigia Amosi simu. "Hawa watu wa kwenye barafu ni ndugu zetu?"

"Hapana mzee, ni picha za mashine tu. Unaweza kuweka zako."

"Nifanyeje?"

"Usihangaike, nitakuja nikuwekee."

Hilo neno ndilo lilinichoma. Usihangaike! Nikaivaa miwani. Siku tatu nilikaa na ile rimoti. Picha zangu nilizipiga moja moja kwa simu juu ya meza, karibu na dirisha, nikazihamishia kwenye flashi, nikaichomeka kwenye kisanduku. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapotea, nikatoka, nikaingia tena. Mara moja kikaanza kuongea Kichina. Siku ya tatu nikaipata sehemu inayouliza picha zitoke wapi. Nikaionyesha flashi yangu. Ikakubali.

Ikaniuliza kila picha ikae sekunde ngapi. Yenyewe ilikuwa imejipangia tano. Tano! Mtu amesimama juani nusu siku na viatu vya kuazima, halafu umtazame sekunde tano? Nikaweka dakika moja kamili. Na nikaondoa ule mtindo wa kuchanganya, kwa sababu siku ya kwanza ulichanganya vibaya: picha ya mama mkwe wangu ikafuatwa papo hapo na ya fahali wangu mwekundu, wote wametazama upande mmoja. Mke wangu hakunisemesha mpaka chakula cha jioni. Tangu hapo zinakwenda kwa mpangilio, ya zamani kwanza. Na ya zamani kuliko zote ni ile yenye tundu.

Mambo yakawa shwari mpaka watu wa Kondoa walipotuma taarifa kwamba wanakuja Jumamosi kuzungumzia mahari ya binti yangu wa mwisho, Perusi. Hapo mke wangu akaanza kukitazama kioo kwa jicho jingine.

"Baba Amosi, hiyo picha itoe. Wageni wataona humu ndani kuna mtu alikatwa. Kwetu mtu hakatwi kwenye picha bure. Watasema alilaaniwa, au aliiba, au alikuwa na ugonjwa wa ukoo. Unataka mtoto akose ndoa kwa tundu?"

"Hawaji kuoa picha."

"Wanakuja kutazama nyumba. Na sebule ndiyo nyumba."

Sitadanganya, maneno yake yaliniingia. Perusi naye alikuwa amesimama mlangoni, anavuta vuta mtandio. Binti ana miaka ishirini na tisa, anampenda yule kijana. Nilijua neno moja la mzee wa upande wa pili linaweza kuvunja kila kitu.

Ndipo Amosi akaja na busara yake. "Mzee, hilo dogo. Siku hizi kuna programu inajaza yenyewe." Akaichukua picha kwenye simu yake, akabonyeza mara mbili, akairusha kwenye runinga.

Dada yangu Damari alikuwa amefika asubuhi ile na basi la Mpwapwa kutusaidia kupokea wageni. Akasogea kwenye kioo. "Huyu ni nani?"

"Si mzee huyo, shangazi."

"Mzee gani? Huyu kashiba tangu tumboni mwa mama yake. Mwaka ule nani kwetu alikuwa na shavu?" Akaendelea kuhesabu kwa kidole. "Na wewe Amosi, mkono wa bibi yako umeufanya nini? Una vidole sita!"

Kweli, sita. Mashine ilimpa mama mkono mpya, umekaa kama rundo la ndizi.

"Futa," nikamwambia. "Mama yangu alikuwa na vidole vitano, na vitatu kati ya hivyo ninavyo mimi kabatini, kwenye kitambulisho. Sihitaji vya kuchongewa. Picha inabaki ilivyo."

Mke wangu akafunga mazungumzo: "Sawa. Likitokea neno utajibu mwenyewe."

Jumamosi wakaja, watu saba. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Tukasalimiana, tukauliza habari za mvua na mazao kama inavyotakiwa, mshenga akasimama kuanza maneno yake. Dakika tano zikapita. Kioo kikawaka. Mama yangu akatokea, mkubwa kama mlango, na tundu mbele yake.

"Ngoja kidogo," yule mzee akamwambia mshenga. Akanigeukia. "Yule mliyemkata amefanya nini?"

Mke wangu akaangalia miguu yake.

"Aliyekata ni mimi," nikasema, "na aliyekatwa ni mimi."

Kabla hajauliza zaidi, dakika ikaisha, ikaja picha ya pili. Amosi akarukia rimoti airudishe. Nikamzuia. "Iache. Itarudi yenyewe. Picha ziko arobaini na moja, dakika moja moja."

Mzee akakaa sawasawa kwenye kiti. "Basi tunangoja. Silisemi neno la mahari mpaka niione tena." Mshenga wa watu akakaa, hotuba yake mkononi.

Nikawasimulia. Tembe, korongo, jogoo wa mama, wembe, karani, mpaka vile vidole sita mashine ya Amosi ilivyojaza. Na huku nyuma ya maneno yangu kioo kinaendelea na kazi yake: mkokoteni, lori la kwanza, msingi wa nyumba hii, harusi yetu, ubatizo wa watoto, mizabibu ikiwa miche, mizabibu imezaa. Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa tena. Damari akaleta kitambulisho toka kabatini, kikapita mkono kwa mkono, kila mtu anakisogeza machoni kuvitafuta vile vidole. Hakuna aliyechungulia saa wala simu. Mnaelewa maana yake? Watu kumi na tano, wengine vijana, dakika arobaini, hakuna aliyegusa simu.

Picha iliporudi yule mzee alisimama, akaenda mpaka karibu na kioo, kitambulisho mkononi. Akavua kofia. Akakaa hivyo dakika nzima, na tukaona kwa nini dakika moja si nyingi.

"Mimi kwetu hakuna picha hata moja," akasema. "Mama yangu sura yake imeshanitoka. Nakumbuka sauti tu." Akavaa kofia, akamgeukia mke wangu. "Mama, hii msije mkaijaza." Kisha kwa mshenga: "Haya, endelea. Tumefika."

Perusi alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria imeanguka, halafu kicheko cha wanawake.

Siwachukii vijana wa leo. Wanajua mambo. Lakini mtoto wa sasa anapiga picha sahani ya chipsi kabla hajaila, anajipiga mwenyewe mara ishirini, anajisafisha uso kwa mashine, na mwisho wa mwaka simu ikiibiwa zimekwenda zote, hana habari. Sisi tulikuwa na moja, tukaikata, tukaila, na iliyobaki tunayo mpaka leo. Natamani nyakati nyingine wapate shida kidogo, kidogo tu, ya kuwafanya wajue thamani ya kusimama mbele ya kamera. Halafu nawakumbuka ndama sita wa watu na ile Jumatatu, natamani wasiipate kabisa.

Leo nina nyumba ya vyumba saba, ya tofali za kuchoma. Nina ekari sita za zabibu. Nina ng'ombe thelathini na wawili. Kisima kimoja, majirani wanachota. Malori mawili, moja linatembea. Mke mmoja, yule yule. Dada mmoja, maana Yohana hatunaye tena. Watoto watano, wote wamemaliza shule, na wa mwisho ameolewa Kondoa. Runinga ya inchi hamsini na tano. Picha arobaini na mbili, na hiyo ya arobaini na mbili ilipigwa mlangoni kwangu Jumamosi ile wageni wanaaga. Humo nimesimama katikati.