Eti Kisii Hakuna cha Kuona

"Kisii ni ndizi na matope tu."

Binamu yangu wa Kisumu ameniambia hivyo leo, akinywa chai yangu!

Mimi ni Mjaluo, nauza viatu hapa mjini, lakini nilichemka. Nikampa raba, twende mlima Manga.

Raba akazikataa. Akapanda na viatu vya kanisa 😂

Kule juu mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya chai akatusalimu kwa Kikisii: "Bwakire!"

Nikajibu, "Bwakire buya."

Binamu akajibu, "Hapana, asante, hatununui."

Mama akacheka. "Huyu omogeni umemtoa wapi?"

Omogeni! Mgeni! Hilo jina limekuwa langu tangu nihamie hapa, hadi leo.

Nikamwonyesha ziwa liking'aa mbali. "Kule Kisumu, mama."

Mwingine aseme tena hapa hakuna cha kuona. Nitampandisha, na raba simpi.