Pale Wembe, Wanapovuka Wanawake

Donat wa Mabanga hapandi ngazi. Ukimwita ghorofani pale Birere, mjini Goma, akuletee gunia la viazi, atasimama barabarani na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ataita jina lako mpaka koo limkauke, na usiposhuka atageuza aende zake. Wasiomjua husema ana kiburi. Wanaomjua kidogo husema ni mwoga, na wanacheka.

Woga huo si wa jana. Alipokuwa kijana kule Kibumba, milimani juu ya Goma, alikuwa akishuka na chukudu iliyobeba magunia manane ya kabichi kwa mwendo ambao hata wenye pikipiki walimpisha, goti likiwa juu ya ubao na kandambili ikiwa ndiyo breki yake. Lakini mparachichi wa nyumbani hakuweza kuupanda. Akifika tawi la kwanza alikuwa aking'ang'ania shina mpaka mama yake, Kahindo, aje kumshusha. Baba yake, muzee Sikuli, alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo: "Huyu mutoto, Mungu alimuumba kwa kushuka. Kwa kupanda, alisahau." Basi wote walicheka, Donat naye akacheka, na parachichi ziliangushwa kwa mti mrefu.

Nyuma ya shamba lao kulikuwa na kilima cha zamani, kimoja kati ya vile vilivyotema moto kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mdomo wake ulikuwa umebomoka pande zote, ukabaki ukuta mmoja mwembamba wa mawe meusi unaounganisha mteremko wa huku na msitu wa kule. Watu walipaita Wembe. Mahali pengine njia ilitosha upana wa mkeka, mahali pengine ilitosha unyayo, na palikuwa na hatua kama sita ambapo ilibidi kutambaa. Kushoto lilikuwa shimo lenye magugu chini kabisa. Kulia ulikuwa mporomoko wa mawe makali hadi bondeni.

Wanaovuka Wembe walikuwa wanawake. Walivuka asubuhi kwenda kutafuta kuni, wakavuka tena mchana na mizigo yao mgongoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye kipaji cha uso, shingo imekaza, mikono mitupu. Wanaume hawakupita huko. Ukiwauliza watakuambia kuni ni kazi ya wanawake, na hapo mazungumzo yamekwisha. Ukweli ni kwamba wengi wao waliogopa, ila wao hakuna aliyewaona juu ya mparachichi.

Halafu vita vikarudi, mwaka ule wa 2022. Wapiganaji wakashika barabara, na siku ya kwanza tu majirani wakafunga magodoro na masufuria wakashuka Goma. Sikuli akakataa kwenda. Alikuwa haoni tena, macho yake yote mawili yalishafunikwa na ukungu, na alishakimbia vita mara nyingi mno. Kila aliporudi alikuta viazi vyake vimechimbwa na watu wasiojulikana. Safari hii, akasema, watakaokuja kuiba watamkuta. Mkewe hakuweza kumwacha, na Donat hakuweza kuwaacha wote wawili. Wakabaki.

Siku ya tatu bomu lilianguka uani. Kipande cha chuma kikaingia pajani mwa Kahindo, na damu ikawa haikomi hata baada ya vitenge viwili kufungwa. Huko barabarani walikuwa wanampiga risasi yeyote anayepita. Njia iliyobaki ya kufika hospitali ilikuwa moja: kuvuka Wembe, kuingia msituni, na kuteremkia Kanyaruchinya, mlangoni mwa Goma. Donat alilijua hilo kabla ya mtu kulisema, na alisubiri lisemwe na mwingine. Alilisema mama yake.

Walimweka Kahindo juu ya chukudu, Sikuli akashika ubao wa nyuma, Donat akaisukuma mpaka pale Wembe unapoanzia. Hapo palikuwa na jiwe bapa ambalo wanawake hulitumia kupumzikia. Donat akatazama mbele mara moja tu, akageuza uso.

"Mama, sitaweza. Nikipita pale, tutaanguka wote mbili."

"Utaweza. Lakini hapana kunibeba ku mabega kama mwanaume. Utanibeba ginsi sisi tunabeba kuni."

"Na kamba ku kichwa?"

"Na kamba ku kichwa."

"Batu wataniona."

"Wakuone!" mama akafoka, na maumivu yakamkata sauti. Akapumua kwanza. "Miye niko natoka damu, na weye uko unafikiri batu?"

Akaitoa kamba yake shingoni, ile pana iliyosukwa, iliyolainishwa na kipaji chake kwa miaka mingi. Akamfundisha mwanawe alivyofundishwa yeye na mama yake. Kamba inavuta kichwa chini, alimwambia, nawe huoni juu wala pembeni, unaona vidole vyako vya miguu tu. Ndiyo sababu wanawake hawaogopi. Hawaoni kitu cha kuogopa. "Na ukinishusha kule," akaongeza, "usitoe kamba. Urudi nayo ku kichwa, hata kama ku mugongo hakuna kitu. Ukitoa, utainua kichwa, na ukiinua kichwa, utaona."

Sikuli alikuwa ameshakaa juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti.

"Anza na mama yako," akasema. "Miye niko hapa, siendi fasi yoyote."

"Nitarudi kukubeba, papa. Sitakawia."

"Najua."

Na Donat akavuka. Hilo lisemwe, kwa sababu hakuna anayelisema. Alimfunga mama yake mgongoni kwa kitenge, akapitisha kamba chini ya mapaja yake, akaiweka kwenye kipaji, akainuka. Uzito ukamwinamisha kichwa kama alivyoambiwa. Aliona kidole gumba cha kulia chenye ukucha mweusi, kisha cha kushoto, kisha cha kulia. Upepo ulimpuliza kutoka upande wa shimo, naye alijua ni shimo, ila hakuliona. Pale pa kutambaa alitambaa, na mama yake akamhesabia hatua sikioni kwa Kinande, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Hofu ilikuwepo. Lakini miguu ilikwenda.

Alipofika ng'ambo alikuta watu watatu wamejitupa kwenye majani, mmoja wao Aubin, mwenzake wa chukudu tangu utotoni, ambaye naye alichelewa kukimbia. Walikuwa wamevuka kwa kutambaa njia nzima kama watoto wachanga. Mtu aliyetoka kuponea chupuchupu hucheka kitu chochote. Aubin akamwona rafiki yake anatokea mawe ya mwisho, kamba kichwani, kitenge kifuani, akapasuka kicheko.

"Mwone Donat! Amekuwa mwanamuke! Kuni unauzisha ngapi, mama?"

Wote watatu wakacheka. Donat naye akacheka. Akamlaza mama yake taratibu kwenye majani, na palepale, bila hata kufikiri, kwa haraka ya mtu aliyekutwa amevaa nguo isiyo yake, akaivua ile kamba akaisokomeza mfukoni.

"Donat," mama akasema. "Kamba."

"Ndiyo, mama." Akageuka kumfuata baba yake, kichwa juu.

Akaona.

Aliona ukuta wote aliotoka kuupita, mwembamba kuliko alivyoudhania, na hewa tupu pande zote mbili. Aliona miti ya bondeni, midogo, na ndege akipita chini ya miguu yake. Upande wa pili alimwona baba yake juu ya jiwe, ameinua uso kulipokea jua kama alivyozoea. Akakaa chini, kisha akalala kifudifudi, akashika majani kwa ngumi zote mbili, maana ilikuwa kana kwamba ardhi inainama imwage.

Bomu likalia mashambani. Aubin na wenzake wakakurupuka, wakatokomea msituni, na Donat akabaki na mama yake aliyejeruhiwa na baba yake aliye ng'ambo.

"Donat! Umefika?" Sauti ya Sikuli ilivuka vizuri, umbali haukuwa mkubwa.

"Nimefika, papa!"

"Na mama yako?"

"Iko muzima!"

"Haya."

Akajaribu. Akaivaa tena kamba, akaifunga hata ikamuumiza, lakini haikuwa na uzito wa kuivuta, na macho yalikuwa yameshaona. Aliyafumba, na bado yaliona. Akatambaa mpaka jiwe la pili. Akarudi. Akatambaa tena, akarudi nyumanyuma, akilia kwa sauti bila aibu. Mara ya tatu hakufika hata jiwe la kwanza.

"Donat! Uko unakuya?"

"Nakuya, papa!"

Jua likasogea. Kitenge cha Kahindo kilikuwa kimelowa upya. Alikuwa ameegemea mzizi, macho yake yametazama ng'ambo.

"Donat?"

"Nakuya!"

Alilisema mara tatu au nne, uso ukiwa majanini. Baadaye sauti ya baba yake ikaja tena, safari hii imechangamka.

"Donat! Usikuye tena! Kuko batu hapa, batu ya kwa jirani Murhula, wamenikuta! Watanipitisha njia ya chini! Peleka mama yako!"

"Iko vizuri, papa!" Donat akajibu.

Alijibu upesi. Alijibu upesi mno, kabla ya sauti ile kumaliza kufika, kwa sababu aliijua. Ilikuwa ni ile sauti ya miaka ya njaa, Sikuli alipokuwa akisukuma sahani kwa mwanawe na kusema ameshashiba. Donat hakuinua kichwa kutazama kama kuna watu. Akambeba mama yake, akaingia msituni, akashuka.

Jioni walikuwa Goma. Madaktari wakakitoa chuma, mguu ukapona, ingawa Kahindo hakutembea tena bila fimbo. Siku ya nane Katungu, mmoja wa wale wanawake wa kuni, alikuja kuwatafuta. Walikuwa wamemkuta muzee kando ya jiwe, hana jeraha lolote. Baridi ya usiku na njaa ndivyo vilivyommaliza. Kwa kuwa pale ni mawe matupu, wanawake walibeba udongo kwenye vitenge vyao kutoka shambani kwake mwenyewe, safari kumi na moja, mpaka ukatosha kumfunika. Na watu wa kwa Murhula? Katungu akashangaa. Hao walishuka Goma siku ya kwanza ya vita, wote, hata mbuzi wao.

Tangu hapo mama na mwana waliishi Mabanga, huko Goma, katika chumba kimoja cha mbao juu ya mawe ya volkano. Donat alipata chukudu nyingine, akarudi kwenye viazi. Aubin alikuja kutoa pole, akalia kweli, akala, akaondoka. Kile kicheko alishakisahau. Donat hakukitaja. Hasira alikuwa nayo, na ipo hadi leo, lakini utamshtaki mtu kwa kucheka? Na kamba nani aliivua?

Mwaka huu, siku moja mchana, Donat alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi. Mama yake alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa kwanza, amekonda, amelala kitandani nyuma yake. Akamwita.

"Siku ile ku Wembe, weye ulikuwa umelala na uso chini. Miye nilikuwa naangalia."

Kisu kikasimama.

"Hakukuwa mutu. Papa yako alikuwa peke yake. Aliita hivi, halafu akakaa tena ku jiwe, akakupa mugongo."

"Sababu gani hukuniambia, mama?"

"Ungerudi." Kahindo alisema hivyo bila shaka yoyote, kama anavyotaja jina lake. "Nakujua, mutoto wangu. Ningekuambia iko peke yake, ungerudi na ule woga wako, na ungeanguka. Nikachagua mutoto. Nikanyamaza. Miye ndiye nilimuua papa yako, Donat, na kinywa changu hiki." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. "Miaka yote hii nimeogopa kukuambia. Unisamehe."

Donat aligeuka akamtazama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilijua, mama. Niliisikia sauti ile nikajua ni uongo, nikaushukuru. Hata ungeniambia, nisingerudi. Angeyasema, mzigo ule ungemtoka mama yake palepale. Lakini angemnyang'anya pia yule mtoto anayemwamini, ambaye angerudi, na huyo ndiye pekee mama aliyebaki naye. Au labda, na hili ndilo linalomtesa Donat hata sasa, alinyamaza kwa sababu aliogopa tu, kama siku zote.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Kahindo akashukuru. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaomba aketishwe, na siku ile alikula viazi vingi kuliko siku zote za mwezi ule.