Kiti kilimsingizia mama mkwe, fundi akanyamaza

Kiti cha kigari cha gofu kilitoa sauti mbele ya watu zaidi ya mia, sauti ile ambayo mtu mzima ikimtoka hadharani huangalia pembeni. Aliyekuwa amekikalia akachekwa. Aliyekitengeneza alijua kosa ni la kiti, akanyamaza. Aliyechekwa ni mama mkwe wake.

Saa mbili asubuhi, fundi huyo yuko sebuleni kwake, mbele ya kiti kilichovalishwa ngozi bandia ya rangi ya maziwa. Anakaa. Anainuka. Anakaa tena kwa kishindo, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Kimesema?" mkewe anauliza kutoka jikoni.

"Hakijasema."

Anakaa tena. Kiti hicho ni cha mwenye hoteli anayewazungusha wageni wake kwa kigari. Zamani fundi asingethubutu kukikalia. Alikuwa na sheria yake nyumbani, aliyofundishwa na fundi aliyemlea kikazi: kiti cha mteja hakikaliwi, wa kwanza kukikalia ni mwenyewe. Watoto waliikariri sheria hiyo kabla ya kujua kuhesabu.

"Nilidhani ni adabu," anasema. "Kumbe adabu hiyohiyo ndiyo iliyonimaliza."

Nyumba ina vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo karakana. Cherehani iko chini ya dirisha. Sponji zimeegemezwa ukutani, na pini zimejaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Kochi la familia limetoka matumbo, springi zinachungulia. Kinyozi hajinyoi.

Kazi yenyewe haina uchawi, na fundi haifichi. Unafungua skrubu, unakigeuza kiti, unang'oa pini za zamani. Ngozi iliyochakaa huitupi, unaitandaza juu ya mpya na kuikatia. Kisha unavuta na kupiga pini chini ya ubao. Kwenye kona anaazima mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, ngozi ikipata moto inalainika.

"Mtu yeyote anaweza kujifanyia nyumbani," anasema. "Uanzie katikati uende pembeni. Ukianzia kona, ngozi inakunja uso kama mtu aliyenyimwa chakula."

Kazi ya klabu ya gofu aliipata kwa mdomo wa mama mkwe. Mama huyo alikuwa mpishi mkuu wa klabu kwa miaka ishirini na miwili. Klabu ina vigari kumi na viwili, viti vyote vilikuwa vimepasuka na kunuka uvundo. Mama akamwambia katibu wa klabu kwamba ana mwanawe anayejua kazi. Hakusema mkwe. Alisema mwanangu. Katibu akakubali kigari kimoja cha majaribio, vingine vifuate kikipendeza. Malipo ya kigari kimoja yalitosha kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Fundi alipokifungua kiti cha kwanza alikuta sponji nyeusi, imelewa maji. Chini ya ubao aliona matundu manne. Akaamini maji ya matairi yanapandia hapo. Akachonga vijiti vinne, akavipaka gundi, akaziba. Juu yake akaifunga sponji kwa nailoni nzito, akaivalisha ngozi mpya, akashona na kubana kila upande.

"Niliwaambia watu hapa, hata tone halitaingia. Na kweli halikuingia." Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Sikuwaza kwamba tundu lililoachwa na mtu limeachwa kwa sababu. Yale yalikuwa ya kutolea hewa."

Ukikikandamiza kiti hicho kwa kiganja, hakisemi kitu. Kinasema ukikikalia, hewa iliyofungwa inapotafuta njia kwenye mshono. Lakini hakuna aliyekikalia. Sheria ni sheria.

Kiti kilifungwa kwenye kigari asubuhi ya siku ambayo klabu ilimuaga mama mkwe. Mpango ulikuwa azungushwe uwanjani kama mgeni wa heshima. Fundi mwenyewe alimwomba mekanika wa klabu asiruhusu mtu kukikalia kabla yake. Alitaka heshima ya kwanza iwe ya mama.

Mama akatoka jikoni na gauni jipya la buluu. Wanachama walikuwa upande mmoja, wafanyakazi upande wa pili. Katibu akampa mkono, mama akapanda, akakaa.

Sauti ikatoka, ndefu. Watu wakaangalia chini. Mama akashtuka, akainuka nusu, na alipokaa tena ikatoka ya pili. Hapo mmoja wa wabeba mikoba ya gofu akasema kigari hiki hakikuwa na honi, sasa kimepata. Uwanja mzima ukacheka, wakiwemo wanawake aliowafundisha kupika.

Katibu, kwa kutaka kumwokoa, akamgeukia fundi aliyesimama pale na futi kamba shingoni.

"Fundi, kiti kiko sawa?"

"Kiti kiko sawa."

Maneno matatu. Fundi anasema alikwishajua kuanzia sauti ya pili. Anasema pia kwamba mama alimtazama, akangoja, halafu akageuza uso. Kigari kikaondoka, na kila kilipopita bonde, kikasema.

Jioni ile alipewa vigari kumi na kimoja vilivyobaki.

Kesho yake alirudi kwa kisingizio cha kukaza pini, akang'oa vijiti na kufungua matundu. Kiti kikanyamaza moja kwa moja. Lakini kwa kukitengeneza alikuwa amefuta ushahidi pekee wa mama mkwe wake. Kila aliyekikalia baada ya hapo hakusikia kitu. Basi, wakasema, alikuwa ni mama.

Jina likamshika: Mama Honi. Klabu ilikuwa imemwahidi kazi ya Jumamosi, hakwenda. Aliacha kula maharage. Alikwenda kwa daktari kuuliza tumbo lake, daktari hakuona ugonjwa. Kwenye shughuli za watu akawa anasimama tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Nilijua si mimi," mama anasema, akiwa amesimama nje ya chumba chake, mitaa miwili kutoka kwa fundi. "Lakini watu mia wakikwambia ni wewe, unaanza kujisikiliza."

Vijiti ndivyo vilivyomfichua fundi. Mkewe alivikuta kwenye mfuko wa shati akifua, vinne, vina gundi kavu. Akaviweka mezani wakati wa chakula. Fundi alijaribu kusema kwamba maneno ya watu hupita yenyewe.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," mkewe akamjibu. "Umembebesha mama yangu, unaona mwepesi. Utamwambia wewe au nitamwambia mimi?"

Fundi alichukua kiti kimojawapo cha klabu, akakiziba kwa vijiti vilevile, akakipeleka begani mpaka kwa mama. Akakiweka sakafuni, akakaa. Kikasema. Akainuka, akakaa tena. Kikasema.

Mama hakucheka. "Hapa tuko wawili," akamwambia. "Kule ulinikana mbele za watu. Nenda ukakae kulekule."

Alikwenda Jumamosi, saa ambayo wafanyakazi wanakula na wanachama wanarudi kutoka uwanjani. Alikiweka kiti kwenye majani mbele ya mlango wa jikoni, akawaambia wamtazame, akakaa. Wakacheka. Aliendelea kuinuka na kukaa mpaka kicheko kikaisha na sauti ikabaki peke yake. Kisha akakipindua na kuwaonyesha vijiti.

Katibu alisogea. "Nilikuuliza mimi mwenyewe."

"Uliniuliza."

"Ukasema kiti kiko sawa."

"Nilisema."

Katibu hakupandisha sauti. Alimwambia amalizie kigari kilichokuwa mkononi, basi.

Sasa fundi anatandaza kipande cha ngozi nyekundu kilichobaki kwenye kazi ya pikipiki, anakipima juu ya kochi lake bovu. Kinapungua. Anasema atakusanya mabaki mpaka yatoshe, hata kama kochi litakuwa na rangi nne. Hapo ndipo anapotaka mama mkwe wake akae akija.

"Nitalikalia mimi kwanza," anasema. "Mara nyingi."

Hesabu ya maneno yale matatu ni hii. Kati ya vigari kumi na kimoja amemaliza vinne. Saba vimekwenda kwenye karakana ya mjini, yaani kodi ya miezi saba. Jina la Honi limehamia kwake, na wabeba mikoba wakimwona njiani wanabana pua. Mama amerudi jikoni siku za Jumamosi. Huja kuwaona wajukuu, husimama mlangoni, hakai. Zamani alimwita mwanangu. Siku hizi anasema, "Hujambo, fundi."