Kikundi cha Mjomba Hakina Leseni

Jamani, leo kazi yangu mwenyewe imeniumbua.

Naandika maelezo ya kuielekeza akili mnemba namna ya kukagua leseni za vikundi vya kuweka na kukopa. Panahitajika mfano mmoja. Nikaweka kikundi cha hapa Mlalo, mwenyekiti wake mjomba wangu. Nimwamini nani mwingine?

Nikaijaribu. Ikapekua orodha ya leseni, ikajibu: kimefutiwa leseni tangu mwaka jana.

Nikarudia mara tatu. Lile lile!

Nikamfuata mjomba dukani kwake. Shikamoo kwanza, kisha nikamwonyesha ule mfano na jibu lake.

“Marahaba. Najua, mwanangu,” akasema. “Badilisha tu huo mfano.”

Mfano!

Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, bado anampelekea akiba kila gulio.

Sibadilishi. Nisemeni mtakavyo.