Dirisha la Upande wa Honi

Tulimwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Akiita mtu kutoka zizini, watu wa bonde la pili huitika kwanza, kisha ndio huuliza anayeitwa ni nani. Alifuga ng'ombe wa maziwa, mama mchapakazi wa kweli, na hakuna jambo la kijiji lililompita bila kulitia neno. Ukiwa na mdomo mzito kama mimi, unamwachia yeye akusemee.

Kwa hiyo jirani yake, yule mjane mpole, alipoomba kibali cha kujenga banda kubwa la kuku, tulimtanguliza Honi kupinga. Mjane alilitaka banda ili binti yake, anayefua nguo za watu mjini, arudi afanye kazi kwao. Hilo tulilijua wote, tukajifanya hatulijui. Tulichokishikia bango ni harufu.

"Kuku wote hao, tutakula tumeziba pua," Honi alisema kikaoni. "Mimi na huyu mwenzangu tumeishi ua kwa ua miaka yote hii. Sijawahi kumpelekea harufu, na yeye asiniletee."

Tukapiga makofi. Mjane alikuwa ameketi nyuma kabisa, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Nilidhani ameishiwa hoja.

Bwana mazingira, yule ofisa aliyetumwa kuamua, hakutaka kuamua kwa makofi. Alikuja kuona eneo lenyewe, akatuingiza nyumbani kwa mjane tuone umbali ulivyo. Honi mbele, sisi nyuma yake tumenyoosha shingo. Chumba cha kulala kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa vizuri, lakini kiza kitupu mchana kweupe. Dirisha la pekee, lililoelekea kwa Honi, lilikuwa limepigiliwa misumari, na nyufa zake zimesokomezwa matambara.

"Mama, mbona umejifungia hivi?" bwana mazingira aliuliza.

"Vumbi, mwanangu."

Vumbi. Mvua ilikuwa haijakatika tangu mwezi uliopita, na viatu vyetu vilikuwa vimebeba tope la nusu shamba. Yule bwana, na udadisi wake, akachomoa tambara moja. Ikaingia harufu ya samadi, nzito, ya kutoa machozi. Lundo la Honi lilikuwa pale pale nyuma ya ua, mahali alipolianzishia zamani kwa sababu huko upepo haulirudishi jikoni kwake.

Mjane alimpokea yule bwana tambara, akalirudisha kwenye ufa. "Vumbi tu," alisema tena huku anatazama sakafu, utadhani mwenye kosa ni yeye.

Nilitamani ardhi ipasuke, na mimi hata mbuzi sina. Honi uso ulimshuka, macho hayajui yatue wapi.

"Haya, mama," bwana mazingira akamgeukia Honi. "Ulikuwa na hoja ya harufu. Endelea."

Honi angesema tu kwamba tumekosea, tungeitikia wote, maana siku zote tulifuata kauli yake. Hakusema. Na mimi niliyesimama ubavuni kwake sikusema, nilikuwa nakwangua tope kwenye soli ya kiatu. Bwana mazingira alitusubiri sana. Mwishowe akasema kwamba, kama majirani hawajabadili msimamo, yeye hana njia, kibali hakitoki. Mjane akamshukuru kwa kuja.

Kesho yake Honi alishika toroli na sepetu, akalihamisha lundo lote hadi mwisho wa shamba lake. Hakumwita mtu amsaidie. Kijiji kilikuwa kimya hata watu wakaulizana kama anaumwa.

Jioni nilipita njia ya uani nikamkuta amesimama chini ya lile dirisha, matope hadi magotini, anazungumza na mjane kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Nimelihamisha, dada. Sasa fungua upate hewa."

"Nimekuona, asante," mjane alimjibu. "Nimejaribu tangu mchana. Misumari imeshika kutu, haing'oki."